Bakshishi Kati ya Ujira na Zawadi

Bakshishi, yaani fedha ambayo mteja humpa mhudumu juu ya bei aliyokwisha kulipa, inaibua swali la zamani katika dini na falsafa, nalo ni iwapo kitu kinachotolewa ili kulipia wema kinaweza bado kuitwa zawadi. Msafiri anayezuru Asia hulikabili swali hilo kwa namna ya pekee nchini Japani, ambako mikahawa na teksi hazina desturi ya bakshishi, na ambako mteja akiacha sarafu mezani, si ajabu mhudumu akamkimbilia hadi nje kumrudishia, akidhani amezisahau.

Hata hivyo, katika ryokan, ambazo ni nyumba za wageni za jadi, ipo desturi isiyo ya lazima iitwayo kokorozuke, ambapo mgeni humkabidhi mhudumu wa chumba noti safi, aghalabu yeni 1,000 hadi 3,000, zikiwa ndani ya bahasha ndogo au zimefungwa kwa karatasi, kwa kuwa kumpa mtu fedha tupu mkononi ni utovu wa adabu. Lenye uzito zaidi ni wakati wa kutoa: bahasha hutolewa mgeni anapofika, kabla chakula hakijaandaliwa wala godoro halijatandikwa. Fedha inayotangulia kazi haiwezi kuwa hukumu ya kazi hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba basi ni chambo cha kupata huduma bora, na pingamizi hilo si dogo. Lakini mahali ambapo asiyetoa chochote hutunzwa sawa na aliyetoa, chambo hakina cha kunasa.

Ubudha wa Mahayana, ambao ndio ulioenea Japani, hufundisha kwamba dana, yaani utoaji, husafika pale mtoaji, mpokeaji na kitu kinachotolewa vyote vitatu vinapoachwa huru, bila majivuno, deni wala hesabu. Katika Ubudha wa Theravada, nchini Thailand na Laos, watawa hupita alfajiri na mabakuli yao, waumini wakiwa peku huwawekea wali, na mtawa hatoi shukrani, kwa maana anayepata thawabu ni yule aliyetoa. Itakuwa ni kupita kiasi kudai kwamba kokorozuke imezaliwa na mafundisho haya, kwani desturi hukua kwa sababu nyingi; lakini kokorozuke na mafundisho hayo vyote vinakataa kumfanya mpokeaji kuwa mdeni.

Kosa kubwa, basi, ni kuihamisha hoja hii mahali isipostahili. Nchini Nepal, wapagazi wanaowabebea mizigo watalii milimani hutegemea sana fedha wanazopewa mwisho wa safari, kwa sababu ujira wao ni mdogo, na msafiri anayewanyima kwa kisingizio cha usafi wa zawadi anazuia haki ya mtu aliyekwisha kuchoka kwa ajili yake. Hapo jina ni bakshishi, lakini kitu chenyewe ni ujira, na Uislamu, unaohimiza mfanyakazi alipwe bila kucheleweshwa, ungekihesabu kuwa ni deni. Deni halingoji ukunjufu wa moyo wa mdaiwa. Fedha hiyo huwekwa kando tangu gharama za safari zinapopangwa, pamoja na nauli na malazi.