Damu ya Musoma na Deni la Elimu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiutazama utafiti wa vinasaba katika nchi yetu, hatuna budi kuuliza: wageni waliokuja kuichunguza damu yetu walituachia uponyaji gani?

Mwaka 1956 mtaalamu A. C. Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alichapisha matokeo ya kupima damu katika Wilaya ya Musoma, ambayo siku hizo iliikumbatia pia Buhemba. Kati ya watoto wachanga 287, tisa walikuwa na ugonjwa wa selimundu. Kati ya watu wazima 654, walikuwa watano tu. Wengi waliourithi kwa wazazi wote wawili hawakufikia utu uzima. Bali waliourithi kwa mzazi mmoja walipata kinga dhidi ya malaria, nao wakaongezeka: 89 kati ya wachanga, 249 kati ya wazima. Hesabu hizo zimekuwa somo katika vitabu vya elimu ya urithi.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayorekebisha vinasaba vya mgonjwa. Huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Mkulima wa Buhemba atazitoa wapi?

Wapo wasemao tudai malipo ya damu ile. Sisi hatukubali. Damu si pamba, haiuzwi kwa kilo. Aliyeitoa hakuuza kitu. Alishiriki katika kutafuta elimu. Na haki ya mshiriki ni kuelezwa kilichoonekana, kisha kufikiwa na tiba iliyotokana nacho.

Ndiyo maana twafurahi kuuona utafiti ukiota mizizi nyumbani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Na tangu 2004 wataalamu wa Muhimbili wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu na kuvichunguza vinasaba vyao.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mtafiti atokaye Dar es Salaam naye ni mgeni Buhemba. Akichukua damu, akapanda cheo, asirudi, uraia wake hauiondoi dhuluma hiyo. Basi kituo cha taifa tusikipime kwa wingi wa mitambo yake. Tukipime kwa mama wa Buhemba: je, mwanawe amepimwa mapema, amepata dawa, na ameishi? Hapo ndipo mwenyeji atakapokuwa amepona.