Prosesa Iliyosemewa na Mwingine

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, aliyekuwa akichunguza mitetemo ya molekuli, alipata fedha za kukodi kompyuta pepe kwenye wingu kwa miezi sita. Kwenye seva ya idara, hesabu yake ya matriki ilikuwa ikianza jioni na kukamilika alfajiri. Kwenye wingu, juu ya chipu mpya kuliko ile ya idara, ikamlia siku mbili. Akaona dawa ni kuongeza mashine. Akaongeza, akaongeza tena, na fedha zikakauka kabla ya mwezi wa tatu, tasnifu ikiwa nusu.

Chipu haikuwa na kasoro. Programu yake iliitegemea OpenBLAS, maktaba yenye njia nyingi za kuzidisha matriki, kila moja imenolewa kwa aina yake ya prosesa. Inapoanza kazi, OpenBLAS huiuliza prosesa: wewe ni nani, unajua amri zipi? Ndani ya kompyuta pepe, swali hilo hujibiwa na programu inayoisimamia, nayo ilikuwa imeachwa iitambulishe chipu kama prosesa ya kawaida isiyo na AVX2, yaani amri za kushughulikia namba nyingi kwa mpigo. OpenBLAS ikaamini, ikashika njia ya Prescott, chipu ya Intel ya mwaka 2004. Haswell, chipu ya Intel ya 2013, kwa amri zake za kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo, huweza kufanya hesabu 16 za usahihi maradufu katika kila kiini, kwa kila mdundo wa saa yake. Kwa njia ile ya kale haivuki 4.

Simlaumu msimamizi wa mitambo. Uwezo wa chipu mpya hufichwa ili kompyuta pepe ihamishwe toka seva moja hadi nyingine, mpya au kuukuu, bila kuzimwa. Kinachoniuma ni kwamba amri ya lscpu kwenye Linux ingemwonyesha kijana papo hapo kuwa AVX2 haimo, na hesabu ndogo ya majaribio, ikipimwa pande zote mbili kabla ya kulipa, ingemfikisha kwenye swali lenyewe.

AVX2 ilipofunguliwa, hesabu ikarudi kuwa ya usiku mmoja. Ndipo akaikompaili upya programu yote kwa amri za chipu ile tu. Alipohamia kwa mtoa huduma mwingine mwenye seva za kabla ya 2013, programu ilikufa sekunde ya kwanza, ikitaja amri isiyotambulika. Safari hii alipoteza dakika chache tu, kwa kuwa mashine ilikataa waziwazi.