Haki ya Kuiga Picha

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika hana haja ya kulipa kiingilio ili aone picha. Zinampita barabarani tangu Roysambu hadi Juja: Bob Marley ubavuni mwa matatu, Tupac penye kioo cha nyuma, mchezaji wa mpira wa Uingereza mlangoni. Akishuka Ruiru au Thika atakuta nyuso nyingine katika kuta za vinyozi, kila uso na mkato wake wa nywele. Kanuni za mwaka 2004 zilikataza michoro ya matatu, magari yakaamriwa kupakwa mstari wa manjano. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena. Lakini liko swali gumu kuliko lile la kuruhusu au kukataza. Bob Marley alifariki mwaka 1981, na kijana amchoraye leo hakupata kumwona. Alitazama picha iliyopigwa na mtu mwingine, akaifuata mstari kwa mstari. Je, alichukua kisicho chake?

Wewe usomaye, usifanye haraka kusema ndiyo. Mkono hujifunza kwa kufuata mkono mwingine, kama mtoto ajifunzavyo kusema kwa maneno ambayo hakuyabuni yeye. Kama kila mfano uliofuata mfano mwingine ungekuwa wizi, ingetupasa kuwafunga waseremala, washonaji, na washairi wote wa vina na mizani.

Wala usifanye haraka kusema la. Mwaka 1981 mpiga picha wa Marekani, Lynn Goldsmith, alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 gazeti la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha ile itumiwe mara moja tu kuwa kiolezo cha mchoro. Aliyepewa kazi ya kuchora alikuwa Andy Warhol, mtu ambaye sifa yake kubwa ilitokana na kurudia picha zilizokwisha kuwako. Badala ya mchoro mmoja alitengeneza 16. Prince alipofariki mwaka 2016, mmoja katika michoro hiyo ulitiwa katika jalada la gazeti. Wakfu uliorithi kazi za Warhol ulilipwa dola 10,250. Goldsmith hakupata hata senti moja, wala jina lake halikutajwa. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2023 majaji 7 dhidi ya 2 walimpa haki Goldsmith katika jambo lililobishaniwa mbele yao: picha yake na mchoro wa Warhol viliuzwa kwa kazi ile ile, yaani kumwonyesha Prince katika gazeti.

Naona majaji wale waligusa penyewe. Hawakupima kwa rula jinsi picha mbili zinavyofanana. Waliuliza kama nakala imekaa katika kiti cha picha ya kwanza. Kwa kipimo hicho kinyozi wa Ruiru ana deni dogo. Aendaye kunyolewa hakukusudia kununua picha, na mpiga picha hakupoteza mnunuzi. Lakini yule achapaye picha hiyo hiyo juu ya fulana na kuziuza sokoni anauza picha yenyewe. Haidhuru awe maskini kiasi gani, huyo amekaa katika kiti cha mwenzake.

Iko namna nyingine ya kuchukua, nayo naiheshimu sana. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alitwaa kurasa za michoro ya kale ya tiba iliyoonyesha maradhi ya tumbo la uzazi, akabandika juu yake macho, midomo na vipande vingine alivyokata katika magazeti, hata kurasa zile zikawa nyuso za wanawake. Hakuficha alikotoa. Ukiufuta mchoro wa tabibu, kazi yake hupoteza nusu ya maneno yake, kwa kuwa ni jawabu kwa wale waliomtazama mwanamke kama kitu cha kupimwa au cha kuuzwa.

Sasa mgeuze mchoraji wa matatu upande wa pili. Mtu apiga picha ubavu wa gari alilolichora kwa siku nyingi, aitie katika kalenda, auze. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa msanii haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi yake. Wako watakaosema kwamba amelipwa kwa kipimo chake mwenyewe, kwa kuwa naye hakumtaja aliyempiga picha Marley. Mimi sikubali. Kosa la mtu halifuti jasho lake. Lakini akidai jina lake liandikwe penye kalenda, atajibu nini akiulizwa jina la yule wa kwanza? Siku hizi simu iliyompa picha ile aghalabu yaweza kumpa na jina, kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchanganya rangi.

Nawe, ukichora kwa maonyesho ya shule uso ulioupata katika simu, andika chini yake jina lako na la aliyeipiga picha. Jina likikosekana baada ya kulitafuta, andika kwamba umeifuata picha ya mtu usiyemjua.