Ufunguo Mfukoni mwa Nani?

Ingia kwenye mashine yoyote ya kusaga pale Tabora mjini siku mkanda umekatika. Fundi kaingiza mkono mpaka kiwiko; swichi iko nyuma ya ukuta. Nani kaizima? "Mimi kaka, wala usihofu," anaitikia kijana wa mlangoni. Hapo ndipo swali langu linapoanza. Je, kuaminiana kunatosha?

Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila 2, kilo 30 na ushee, toka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Nguvu ilikuwa mwilini mwake. Akiketi, nayo imeketi. Mashine si hivyo, bwana. Nguvu yake iko kwingine, na anayeiwasha siye anayeumia. Tena hata ukiizima, nguvu inabaki: kwenye springi, kwenye hewa iliyoshindiliwa, hata kwenye mlima tu. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye Reli ya Kati hii hii inayofuata njia ya misafara, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kilichosimama si lazima kiwe kimetulia.

Mafundi waangalifu wanayo dawa. Zima. Kata umeme kwenye swichi kuu. Piga kufuli lako mwenyewe, tundika kibao chenye jina lako. Toa nguvu iliyobaki. Kisha jaribu kuwasha, ndipo uguse. Mkiwa watano, makufuli matano. Na kila mmoja afungue la kwake.

Wapo watakaonuna: "Kwani hamniamini?" La hasha! Kufuli halimshtaki mtu kwamba ni mbaya. Linakiri tu kwamba ni mtu: atasahau, ataitwa chai, zamu itabadilika, na umeme uliokatika utarudi ghafla. Naye tajiri atasema mnachelewesha kazi. Sawa, lakini haraka hiyo hailipii yeye kwa vidole vyake.

Njia hii ya Tabora ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, uhai wao mikononi mwa mwingine. Kwangu mimi, utumwa ndio huo hasa. Basi ndugu yangu unayeingiza mkono kwenye chuma cha tajiri, usiishie kuuliza kama kimezimwa. Uliza ufunguo uko mfukoni mwa nani. Kama si mwako, toa mkono.