Dhima ya Tusichokipima

Je, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo asilolijua, ikiwa ni yeye mwenyewe aliyeamua lisijulikane? Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelibishania swali hili kwa karne nyingi, na mifano yao aghalabu hutoka mahakamani, sokoni au nyumbani. Hapa nitalipeleka mahali ambapo halijazoea kufika: katika faili la maandishi ambalo msimamizi wa seva hulijaza ili kuiagiza programu ya takwimu ikusanye nini na iache nini. Huenda mahali hapo pakaonekana padogo mno kwa swali zito kama hili. Lakini malipo ya simu, rekodi za hospitali na matokeo ya mitihani hupita ndani ya seva siku hizi, na anayeamua seva itazamwe kwa jicho gani ameamua pia ni madhara gani yatagunduliwa mapema na yapi yatagunduliwa na mgonjwa aliyesimama dirishani. Ninachodai ni hiki: kutojua kunakotokana na uchaguzi ni tendo, na mwenye tendo ana dhima nalo, hata kama kila namba aliyoikusanya ni ya kweli.

Chukua collectd, programu iliyoanzishwa na Florian Forster mwaka 2005. Hufanya kazi kimyakimya ndani ya seva, bila dirisha wala kitufe cha kubofya, na kila baada ya sekunde 10, isipoagizwa vinginevyo, huchukua vipimo na kuvipeleka vinakohifadhiwa. Kiini chake hakijui kupima kitu. Kila aina ya kipimo ina programu-jalizi yake: moja ya prosesa, moja ya kumbukumbu, moja ya nafasi ya diski, moja ya baiti zinazopita mtandaoni, na nyinginezo hadi kuzidi 100. Ili mojawapo ifanye kazi, sharti itajwe kwenye faili la mipangilio kwa mstari unaoanza na neno LoadPlugin. Katika faili la mfano linalokuja na programu hiyo, mistari mingi ya namna hiyo imetanguliwa na alama ya reli (#), yaani imezimwa. Kwa hiyo msimamizi anapolifungua kwa mara ya kwanza anakuta orodha ndefu ya maswali yaliyonyamazishwa, na kazi yake ni kuamua yapi yaulizwe. Baadhi ya programu-jalizi zina hata chaguo liitwalo IgnoreSelected, ambalo hugeuza maana ya orodha nzima: diski zilezile zilizotajwa ili zitazamwe huwa ndizo zisizotazamwa, kwa kubadili neno moja tu.

Uzito wa uamuzi huu huonekana tukichunguza namna ambavyo kitu kinaweza kukosekana katika takwimu. Mara nyingi collectd hukabidhi vipimo vyake kwa RRDtool, kazi ya Tobi Oetiker, na chombo hicho kina uaminifu ambao wanadamu wengi hatuna: hutofautisha sifuri na kutojulikana. Mtandao usipopitisha kitu, huandika sifuri. Seva ikizimika na kipimo kisifike ndani ya muda uliowekwa, RRDtool haiandiki sifuri, huandika kwamba thamani haijulikani, na kwenye grafu panabaki pengo. Anayetazama pengo hilo anajua kwamba hajui. Ipo namna ya tatu ya kukosekana, nayo haina alama. Programu-jalizi isipowashwa, hakuna sifuri, hakuna pengo, hakuna hata faili tupu la kumshtua mtu. Sifuri ni jibu, na pengo ni swali lililokosa jibu. Hii ya tatu ni swali ambalo halikuulizwa, na aliyekuja kazini baada ya mwenzake kuondoka hawezi hata kujua, kwa kutazama grafu, kwamba lingeweza kuulizwa. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tuongeze kwamba asiyeuliza huwanyima wengine pia nafasi ya kujua kuwa halikuulizwa.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Katika Linux kila faili huhitaji vitu viwili: nafasi ya kuwekea maudhui yake, na inodi, yaani rekodi ndogo inayotunza habari zake kama mmiliki, ukubwa, ruhusa na mahali maudhui yalipo. Katika mfumo wa mafaili wa ext4, idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, na kwa kawaida hutengwa inodi 1 kwa kila baiti 16,384 za nafasi. Mafaili yakiwa makubwa, hesabu hiyo inatosha na kubaki. Lakini seva ya baruapepe inayotunza kila ujumbe kama faili lake dogo inaweza kumaliza inodi zote ilhali nusu ya diski bado i tupu. Ikifika hapo, kila jaribio la kuunda faili jipya hukataliwa, na ujumbe unaotolewa unasema nafasi imekwisha. Sasa, programu-jalizi ya collectd inayopima nafasi ya diski, iitwayo df, inaweza kuripoti inodi pia, ila mpaka chaguo la ReportInodes liwashwe, na katika mipangilio ya awali limezimwa. Basi msimamizi anaweza kuwa ametazama grafu asubuhi na jioni, akaona nafasi tele, na barua zikaanza kukataliwa mbele ya macho yake. Grafu haikumdanganya. Ilijibu sawasawa kila alichoiuliza.

Je, msimamizi huyu ana kosa? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alikubali kwamba kutojua kunaweza kumwondolea mtu lawama, kisha akaweka mpaka: hakumwondolei yule ambaye ndiye chanzo cha kutojua kwake, kama mlevi, au kama mtu asiyejua jambo la sheria ambalo lilikuwa rahisi kulijua na lililompasa. Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, aliusukuma mpaka huo mbele zaidi. Alitoa mfano wa mwenye meli iliyochakaa ambaye alishuku kwamba inahitaji kukaguliwa, akazizima shaka zake, akajiaminisha kuwa ni nzima, kisha akaiachia ing'oe nanga na abiria ndani. Clifford alishikilia kwamba mtu huyo ana hatia ileile hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hatia yake haitokani na kuzama kwa meli. Inatokana na kwamba hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Nakubaliana naye, kwa nyongeza moja. Mwenye meli wa Clifford alipambana na shaka iliyokuwa ikimsumbua moyoni. Msimamizi wa seva hana shaka ya kupambana nayo, kwa kuwa alama ya reli iliizima kabla haijazaliwa. Hili halipunguzi dhima yake. Linaihamisha tu kutoka saa ya ajali hadi saa ile tulivu alipokuwa akijaza faili.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliielewa saa hiyo vizuri. Katika Ihya Ulum al-Din ametenga kitabu cha 38 kati ya 40 kwa ajili ya kuichunga nafsi na kuihesabu, na amepanga safari hiyo kwa hatua sita. Mtu angetarajia ya kwanza iwe kuchunga, au kuhesabu. Sivyo. Ya kwanza ni musharata, kuiwekea nafsi masharti kabla ya siku kuanza, kama mfanyabiashara anavyowekeana masharti na mshirika wake kabla ya kumkabidhi mtaji. Kuchunga ni hatua ya pili, na hesabu inafuata baada ya kazi. Mpangilio huu una hoja ndani yake: hesabu ya jioni haina cha kudai ikiwa asubuhi hakuna kilichoshurutishwa, na mtu anaweza kujikagua kila usiku kwa uaminifu kamili asione doa, kwa kuwa yale yenye doa hakuyaweka kwenye daftari. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba uadilifu wa takwimu unaanza pale namba zinaposomwa. Unaanza pale zinaposhurutishwa, na katika collectd pahala hapo ni faili la mipangilio.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa msimamizi mwenyewe: mimi sikuchagua kitu, nililichukua faili kama lilivyokuja. Ni kweli kwamba mipangilio ya awali iliamuliwa na watu wengine. Lakini wale watu hawakujua seva yake itabeba nini. Waliandaa mfano wa kumwanzishia mtu yeyote, popote alipo, ndiyo maana wakaiacha mistari mingi mahali pake, imezimwa lakini inasomeka, badala ya kuifuta. Aliyepokea faili la namna hiyo na kuliacha lilivyo amekubali chaguo la mtu asiyemjua kuhusu kazi ambayo mtu huyo hakuiona. Kukubali huko ni kuchagua, kama kunyamaza kikaoni hoja inapopitishwa kulivyo kura. Anaweza kuwa amechagua vema, kwani mipangilio ya awali mara nyingi ina busara. Asichoweza ni kusema kwamba hakuwepo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: ikiwa kutopima kuna dhima, basi washa kila kitu, upime yote, dhima iishe. Ushauri huu unashindwa kwanza kwa sababu ya gharama. Anayepima hutumia prosesa, kumbukumbu na diski zilezile anazozipima, na RRDtool ikiandika maelfu ya mafaili madogo kila baada ya sekunde chache huweza kuielemea diski kiasi kwamba ilibidi itengenezwe programu maalumu ya kuyalimbikiza maandishi hayo kabla ya kuyashusha. Unashindwa pia kwa sababu kumbukumbu ya vipimo yenyewe husahau kwa makusudi. Prosesa iliyoelemewa kabisa kwa sekunde 1 na kupumzika sekunde 9 itaonekana, katika kipimo cha sekunde 10, kama imeshughulika kwa asilimia 10 tu. Na katika mipangilio ya kawaida ya collectd, historia ya mwaka mzima hugawanywa katika safu 1,200, kila safu ikibeba muda unaozidi saa 7. Wastani na vilele vinabaki, lakini saa kamili ya tukio imekwenda. Hakuna orodha ya programu-jalizi, hata iwe ndefu vipi, itakayomfikisha mwanadamu kwenye ujuzi wa yote, ambao waumini wa dini zetu humwachia Mungu. Hatimaye kuna macho. Grafu mia nne zisizotazamwa na mtu hurudisha ujinga uleule kupitia mlango wa nyuma, safari hii ukiwa umevaa joho la bidii. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalichapishwa Roma mwaka 1548, alilijua hilo. Alimwelekeza mwenye kujichunguza ashike kosa moja mahususi, alitilie nukta kwenye mistari miwili ya kila siku, kisha alinganishe mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Hakukusudia kusema kwamba dhambi nyingine hazipo. Alikuwa akijua kwamba uangalifu ni haba, na kitu haba lazima kigawiwe kwa hekima.

Kutoka hapo linazaliwa pingamizi la tatu: kama hatuwezi kupima yote, na hatuwezi kujua kesho itavunjika nini, basi ni uonevu kumdai mtu alichoshindwa kukiona. Hapa nakubali nusu. Yapo mambo ambayo hakuna aliyeyawazia, na kwa hayo hakuna wa kulaumiwa. Lakini inodi si mojawapo. Chaguo lake limeandikwa kwenye mwongozo wa programu, lina jina, na linawashwa kwa mstari mmoja. Tofauti kati ya jambo lisilowazika na jambo lililozimwa ndiyo mpaka wa dhima, na faili la mipangilio linauonyesha mpaka huo waziwazi kuliko maisha yetu mengine. Wengine watamkumbuka Charles Goodhart, mwanauchumi Mwingereza aliyeonya mwaka 1975 kwamba uwiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika mara unapotumiwa kama usukani wa kuwadhibiti watu, na watasema kupima nako huharibu. Ni kweli, na onyo hilo linakaa upande wangu. Ikiwa kupima kunaweza kudhuru na kutopima kunaweza kudhuru, hakuna upande ambapo mtu anaweza kuketi bila kuulizwa kwa nini amekaa hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa faragha: programu-jalizi inayohesabu watumiaji walioingia au kufuatilia michakato yao inaweza kuachwa imezimwa kwa sababu njema, na sababu hiyo ni sehemu ya wajibu, wala si ukwepaji wake.

Anachodaiwa msimamizi, kwa hiyo, ni kidogo kuliko ujuzi wa yote na ni kikubwa kuliko ukweli wa namba. Anadaiwa sababu. Kwa kila mstari aliouwasha ajue utamsaidia nani na kuamua nini. Kwa kila mstari muhimu aliouacha umezimwa aandike kandoni, kwa maneno ya kawaida, kwa nini hautakiwi na ni lini utaangaliwa tena. Alama ya reli iliyopo huruhusu maandishi hayo bila gharama yoyote, kwani programu huyapita na binadamu huyasoma. Akifanya hivyo, swali lisiloulizwa linageuka kuwa pengo linaloonekana, na atakayekuja baada yake atajua kwamba hajui. Asipofanya, asitafute kinga katika ukweli wa grafu zake siku mambo yatakapoharibika. Aliyejaza faili ana dhima na kila mstari uliomo, uliowashwa na uliozimwa.