Rangi ya Nyota Mpya na Mashahidi Wawili

Watu wawili waaminifu wakiitazama nyota moja usiku mmoja, kila mmoja akaandika rangi aliyoiona, na maandiko yao yasipatane, je, tuseme mmoja wao ni mwongo? Wengi watajibu upesi kwamba ndivyo. Sisi twawaomba wasomaji wetu wangoje kidogo.

Tarehe 14 Agosti 2013 Bwana Koichi Itagaki wa Japani, mtu atafutaye nyota kwa kuzipenda tu wala si kwa mshahara, aligundua kwa darubini yenye upana wa sentimeta 18 nyota mpya katika kundi liitwalo Delphinus. Baada ya siku mbili ilizidi kung'aa hata ikaweza kuonekana kwa macho matupu, na huku kwetu Afrika Mashariki pia iliweza kuonekana upande wa kaskazini. Nyota ya namna hii, iitwayo nova, si mpya kwa kweli. Ni nyota kongwe, ndogo na nzito, ijikusanyiayo haidrojeni kutoka kwa mwenziwe aliye karibu. Mzigo ule ukizidi hulipuka, na hewa yake ya moto hutawanyika pande zote.

Rangi yake ndiyo ngumu. Lugha yetu huita rangi kwa vitu: manjano, kijani, samawati, maji ya kunde, nasi tufundishao watoto twajua jinsi wanavyobishana juu ya kitambaa kimoja mchana kweupe. Sembuse nyota! Tena jicho lina hila yake: likiikazia nyota nyekundu kwa muda mrefu, huiona ikizidi kung'aa, na nyota yenyewe haikubadilika.

Kwa hiyo wenye darubini ndogo hupiga picha mbili, moja kwa kupitia kioo cha buluu, nyingine kwa kioo cha kijani kielekeacho manjano. Hupima nuru katika kila picha, wakailinganisha na nyota jirani ambazo vipimo vyake vimekwisha kujulikana. Tofauti ya vipimo viwili hivyo ndiyo namba ya rangi. Vega, nyota nyeupe, ina 0 hivi. Jua letu karibu 0.65, Betelgeuse iliyo nyekundu karibu 1.85.

Lakini nyota ya kawaida humwaga nuru ya rangi zote pamoja, kama mto uliojaa ng'ambo hata ng'ambo. Nova, ikiisha kupita kilele chake, hutoa sehemu kubwa ya nuru yake katika mistari michache myembamba. Mkuu wao ni mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, iko na mingine ya buluu, na ikichanganyika nyota huonekana kama waridi. Sasa, kamera ya kawaida ina kioo ndani yake kizuiacho sehemu kubwa ya wekundu ule. Aliyekiondoa ataiona nyota nyekundu kuliko mwenziwe. Hata vioo viwili vyenye jina moja, kimoja kikiupitisha mstari fulani na kingine kikiukata ukingoni, vitatoa namba mbili. Hapo hakuna aliyesema uongo.

Jaribu huja baadaye. Mtu aona namba za wenzake, aona yake iko peke yake, naye huona haya. Basi huisogeza kidogo ifanane nao. Twadhani huyu ndiye aliyeharibu kazi, hata kama namba yake mpya yakaribia kweli kuliko ile ya kwanza. Namba isiyofanana, iliyoandikwa pamoja na jina la kioo na nyota za kulinganishia, yaweza kusahihishwa na mwingine hata baada ya miaka 50. Ile iliyosogezwa kwa haya haina njia ya kurudishwa, kwa maana hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Je, asijisahihishe kamwe? La. Na airudie picha yake. Labda nuru ilizidi mno hata picha ikashiba, au nyota ya jirani ilijichanganya na ile aliyoipima. Akikuta kosa kama hilo, aitupe namba na kuandika sababu. Lakini na awe tayari kuitupa kwa sababu hiyo hiyo hata kama ingalifanana na za wenzake. Hapa ndipo wengi wetu tushindwapo, maana kosa lituungalo na wenzetu hatulitafuti. Asipoona kosa, na aiache namba yake kama ilivyo, arudi nje usiku wa pili.