Madoa Yalipotoweka

Mstaafu mmoja wa reli pale Kamina alikuwa na tangi la kioo sebuleni, lita mia hivi za maji, tilapia wadogo na kambale mmoja aliyependa kujificha chini ya jiwe. Walikuwa wazima kwa sababu hakuwasumbua. Kwenye mawe na changarawe walikuwa wameshamea bakteria wanaoibadili amonia, sumu ambayo samaki huitoa kwa matamvua na kinyesi, iwe kitu chenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kumea.

Mwezi wa Juni ndugu yake akashuka kwenye treni kutoka Lubumbashi na mfuko wa plastiki wenye samaki wa dhahabu wanne. Jirani, mama mwenye mabwawa ya samaki, alikuwapo.

"Papa, hawa wakae kwanza peke yao kwenye beseni. Wiki tatu, nne. Tuwaangalie."

"Wamechoka na safari, Mama. Waache wapumzike na wenzao."

Akawamimina, pamoja na maji waliyokuja nayo.

Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi una baridi kali. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa ghafla, kinga yake hulegea. Siku chache baadaye mapezi yalijaa vidoa vyeupe kama punje za chumvi, na tilapia wakawa wanajikwaruza kwenye mawe. Jirani akamwelekeza: chumvi gramu 2 kwa kila lita, iyeyushwe pembeni, iongezwe kidogo kidogo, na asiache mpaka yeye aje kuona. Siku ya nne madoa yakatoweka. Mzee akafurahi, akabadilisha maji kidogo na kuacha chumvi.

Hapo ndipo wengi hupotelea. Kila kidoa ni kimelea kilichojichimbia ndani ya ngozi, kinakula, na pale kilipo chumvi haikifikii, wala dawa nyingi hazikifikii. Kikishiba hutoka chenyewe, huzama chini ya tangi, hujifunika na kujigawa mara nyingi, hadi watoto mamia. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika muda huo mfupi tu chumvi huwaua. Kwa hiyo samaki aliyetakata leo hajapona. Adui amehamia kwenye changarawe. Maji yakiwa na nyuzi 25 mzunguko huu huchukua wiki moja au pungufu, lakini katika baridi hujivuta hata kwa wiki kadhaa, na matibabu lazima yarefuke nao.

Madoa yalirudi mengi mno, mpaka kwenye matamvua. Mzee aliwapenda samaki wake, na kwa kuwapenda akapaniki: alimwaga maji yote, akasugua mawe kwa maji ya javel, akajaza tangi kutoka bombani saa ileile. Klorini ya javel na ya bomba ikaunguza matamvua yaliyokwisha kujeruhiwa, na bakteria wote wa kuondoa amonia walikuwa wameoshwa. Kulipokucha tilapia walikuwa wanaelea. Kambale, ambaye huweza kuvuta hewa juu ya maji, alidumu siku mbili zaidi.

Angetulia, angetoa robo tu ya maji, akifyonza uchafu wa chini kwa mpira, maana huko ndiko vimelea huzaana. Maji ya kujazia yangelala kwanza siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, na chumvi ingeendelea muda mrefu baada ya doa la mwisho. Chakula kingepunguzwa, kwa kuwa mgonjwa hali, na kinachobaki huoza.

Sasa mzee ana tilapia wapya, na wako kwenye beseni la yule mama. Wavu wa beseni hauingii tangini, na yeyote aliyetia mkono kwa wageni huunawa na kuukausha kabla ya kugusa maji ya wenyeji.